TUCHANGE WAKATI WA MAVUNO, SI WAKATI WA MATANGA



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya hautazungumzia minyoo wala lishe ya watoto, ingawa najua wapo akina mama walioomba. Nataka tuzungumze juu ya fedha. Najua fedha si mazungumzo ya muuguzi. Lakini katika miaka yangu karibu thelathini wodini nimewaona wengi waliochelewa kufika hospitali, na waliochelewa kwa kukosa fedha ni wengi kuliko waliochelewa kwa kutojua ugonjwa.

Nianze na mtoto mmoja wa miaka 12, mwanafunzi wa darasa la tano. Tumbo lilimwanza Jumapili jioni, maumivu yakizunguka kitovu. Nyumbani walidhani ni mchango, wakampa dawa ya mizizi ili aharishe. Jumatatu maumivu yalihamia chini upande wa kulia, akatapika, akakataa uji, akawa anatembea amejikunja kama mzee. Zahanati walimpa vidonge vya kutuliza maumivu na barua ya kwenda hospitali. Barua hiyo ilikaa katika mfuko wa shati la baba yake hadi Ijumaa.

Msimhukumu haraka baba huyu. Siku zote hizo alikuwa anazunguka kijiji hadi kijiji kutafuta mtu wa kumkopesha. Ulikuwa mwezi wa Februari, na Februari ya kwetu Singida mnaijua. Ghalani hamna kitu, shambani alizeti na mtama bado ni majani, na kila unayemwendea kukopa naye alikuwa anatafuta wa kumkopa. Ijumaa mtoto aliletwa kwa pikipiki, amebanwa katikati ya dereva na baba yake, tumbo gumu kama ubao, macho yameingia ndani.

Kilikuwa kidole tumbo, na kilikuwa kimekwisha kupasuka. Kidole tumbo ni kifuko chembamba kilichoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana. Kikiziba huvimba na kutunga usaha, na kisipotolewa mapema, mara nyingi baada ya siku mbili au tatu hupasuka na kumwaga uchafu tumboni. Mtoto akifika siku ya kwanza, upasuaji ni mfupi, na siku chache baadaye yuko kwao. Huyu wetu alifanyiwa upasuaji mara mbili na alilala wodini siku 26, kwa dawa za sindano na maji ya mishipa. Alipona. Namshukuru Mungu, na nawashukuru waganga ambao usiku ule hawakulala.

Siku ya kumlaza mtoto, baba aliuza dume moja la kulimia. Aliuza kwa bei aliyoitaka mnunuzi, kwa sababu mnunuzi akijua una mgonjwa hospitali, yeye ndiye anayepanga bei. Upasuaji wa pili ulipohitajika akauza la pili. Bado deni lilibaki, na deni hilo likalipwa na mfuko wa maskini, yaani fedha zinazotolewa na wafadhili kwa ajili ya wasio na uwezo. Baba alishukuru mpaka machozi yakamtoka. Na sisi wafanyakazi tulifurahi, tukaona mfuko umefanya kazi yake.

Mwezi wa Desemba mama yule alileta mtoto wake mdogo kliniki ya kupima uzito. Nikamwuliza habari za nyumbani. Akasema kijana hajambo, anacheza mpira. Shamba je? Akanyamaza kidogo, kisha akasema: mwaka huu tunalima kwa jembe la mkono, tutapata ekari moja tu Mungu akipenda. Binti yao mkubwa alikuwa ameacha shule, amekwenda mjini kufanya kazi za ndani. Uzito wa yule mdogo nilioupima mwenyewe siku ile ulikuwa umeshuka tangu mwezi uliotangulia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama msaada wetu unafika wakati wake. Mfuko ulifuta deni lakini haukurudisha madume. Tulilipia mwisho wa safari, wakati familia ilikuwa imekwisha kuanguka njiani. Laiti robo ya fedha hizo ingekuwako kijijini ile Jumatatu, pamoja na nauli ya pikipiki, madume yangekuwa zizini na binti angekuwa darasani.

Nasema haya bila kuwadharau waliotufikisha hapa. Wengi wenu mlizaliwa Makiungu, au mlizaa huko. Hospitali ile ilianzishwa mwaka 1954 na masista wa shirika la Medical Missionaries of Mary. Mwanzilishi wao, Mama Mary Martin, alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1892, akawahudumia askari majeruhi katika vita kuu ya kwanza, kisha akafika Nigeria akaona akina mama wanavyokufa katika uzazi. Wakati ule sheria ya Kanisa haikuwaruhusu watawa kufanya kazi kamili ya udaktari wala ukunga. Alingoja miaka mingi, na katika hiyo akaugua sana yeye mwenyewe. Mwezi wa Februari 1936 Roma ilitoa ruhusa, na Aprili 1937 shirika lake likaanza huko huko Nigeria. Miaka kumi na saba tu baadaye binti zake walikuwa wanapokea watoto katika nchi ya Wanyaturu. Kule Itigi nako Wamisionari wa Damu Azizi walijenga hospitali ya Mtakatifu Gaspari, ambayo inawapokea watu hata wa mikoa ya jirani.

Lakini baraka hii ilituzoesha vibaya kidogo. Watu wetu wengi bado wanaamini kuwa hospitali ya misheni hulipiwa na wazungu. Nimeambiwa hivyo dirishani mara nyingi, hata na watu wenye maduka. Ukweli ni kwamba hospitali za misheni zimechukua mchango wa mgonjwa tangu zamani, hata pale tiba ilipokuwa bure katika hospitali za Serikali, na Serikali nayo ilianzisha uchangiaji katika hospitali zake mwaka 1993. Mwaka mmoja kabla ya hapo Baraza la Maaskofu na Jumuiya ya Kikristo walikuwa wametia saini mkataba na Serikali juu ya huduma za jamii, na ndipo ilipoundwa tume ya makanisa tunayoijua kwa herufi za CSSC. Tangu hapo kuna wauguzi na waganga wanaolipwa na Serikali wakifanya kazi katika hospitali zetu. Ni msaada mkubwa, lakini hautoshi kununua kila uzi wa kushonea na kila chupa ya maji. Na wafadhili wa ng'ambo wanapungua. Masista waliokuja wakiwa wasichana sasa ni wazee au wamelala makaburini, na kule kwao miito imekauka. Wale akina bibi wa Ulaya waliokuwa wakituma bahasha kila Kwaresima hawapo tena, na wajukuu wao hawatujui.

Hebu sasa tujitazame wenyewe. Mtu akifa katika jumuiya yetu, kabla jua halijazama daftari limefunguliwa. Huyu anatoa unga, yule kuni, mwingine fedha za jeneza. Gari linapatikana, turubai linapatikana, na maharage yanapatikana hata Februari. Sisemi tuache. Kuzika ni tendo la huruma, na mfiwa asiachwe peke yake. Ila mara kadhaa nimesimama kwenye msiba nikasikia hesabu ya michango ikisomwa, nikajua moyoni kwamba fedha zile zingekuja siku tano mapema tusingekuwa pale. Sijapata kuisema kwa sauti mbele ya wafiwa. Nimeona niiseme hapa.

Mtu atauliza, kwani hakuna bima? Ipo, na historia yake imepita karibu na mlango wetu. Katikati ya miaka ya 1990 majirani zetu wa Igunga, huko ng'ambo ya Sekenke, walikuwa wa kwanza nchini kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii: kaya inalipa mara moja kwa mwaka, kisha inatibiwa. Singida nasi tuliupokea mapema. Sheria yake ilitungwa mwaka 2001. Kuanzia mwaka 2018 mfuko ukaboreshwa, kaya ya watu 6 ikawa inachangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Watu hawakufurika kujiandikisha, na mimi siwalaumu wote. Mtu anayelipa, kisha anafika zahanati na kuambiwa dawa hakuna, nenda duka la dawa, mwakani harudii. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi mahali ambapo mwenye kadi alikaa benchi hadi wenye fedha mkononi waishe. Niliona, nikanyamaza, na ninajuta. Kwa hiyo anayesema kadi inadanganya asidharauliwe. Ana sababu zake.

Lakini liko kosa jingine ambalo ni letu sisi wakulima. Kadi huwa tunaikumbuka Januari, mvua zinaponyesha na watoto wanapoanza kukohoa na kuharisha, nasi hatuna hata shilingi. Mwezi wa Juni na Julai, mashine za kukamua zinaponguruma na malori yanapopakia alizeti, hakuna anayeugua, basi fedha zinakwenda kwenye redio, mabati, mahari na pombe. Mkoa wetu una msimu mmoja tu wa mvua, na kwa hiyo msimu mmoja tu wa fedha. Utaratibu wowote wa bima, bei yake iwe ipi, ukidai fedha Februari hautampata mkulima wa Singida.

Basi maoni yangu ni haya, na paroko akiona nimekosea atanirekebisha. Jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wetu wa AMECEA walizifanya msingi wa uchungaji tangu mkutano wao wa mwaka 1976, zichange wakati wa mavuno kwa ajili ya kaya zisizo na uwezo. Fedha hizo zisingoje deni la hospitali. Sehemu kubwa ilipie bima ya kaya hizo mara moja, na sehemu iliyobaki iwe nauli ya dharura, ikae karibu, kwa mtu ambaye unaweza kumgongea mlango saa nane usiku. Najua kuna kadi za simu za kutumiana fedha, lakini usiku wa manane mwenye pikipiki anataka noti.

Nani ataingizwa katika orodha? Hapa ndipo ugomvi huanza. Tukumbuke tulivyofanya wakati wa UKIMWI. Kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, hospitali ilikuwa na kidogo sana cha kumpa mgonjwa. Kazi kubwa ilikuwa ile ya kumfuata nyumbani. Masista wa Kituo cha Faraja pale Singida mjini na wanajumuiya wa kujitolea waliingia katika vyumba ambavyo ndugu wenyewe walivikimbia. Waliosha wagonjwa, walipika uji, na kwa kuingia huko walijua vitu ambavyo hakuna fomu inayovionyesha: bibi gani analea wajukuu wanne, nyumba ipi haiwashi moto jioni, mwanamke gani ana mume mwenye ng'ombe lakini haruhusiwi kugusa hata mbuzi. Umaskini wa namna hiyo hauonekani dirishani kwa mhasibu. Unaonekana jikoni. Kwa hiyo orodha iandikwe na wale wanaoingia jikoni, akina mama wa WAWATA na wahudumu wa afya wa kijiji, si na wale wanaokaa meza ya mbele.

Tena orodha isisomwe kanisani. Nimewahi kuona majina ya wasiojiweza yakitangazwa baada ya Misa, watu wakigeuza shingo kuwatazama. Mjane mmoja hakuonekana tena Misa kwa miezi mingi. Na mgonjwa asiulizwe kadi ya ubatizo. Mlutheri, Mwislamu, Mbarbaig aliyepita na mifugo yake, wote wana tumbo moja na kidole tumbo kimoja.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya Serikali. Ni kweli, na tuikumbushe. Sheria ile ya mwaka 2023 imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Basi viongozi wa jumuiya wahudhurie mikutano ya kijiji majina yanapopitishwa, wasikae nyumbani halafu wakalalamika kuwa mjane wetu amerukwa. Lakini kidole tumbo hakingojei mkutano.

Wengine watasema mweka hazina atazila. Hofu hiyo siidharau hata kidogo. Mwaka mmoja sanduku letu la wagonjwa, katika jumuiya niliyokuwa zamani, lilifunguliwa likakutwa na karatasi ya madeni na vifungo viwili vya shati. Dawa yake ni kutoziacha fedha zikae: zikusanywe Julai, bima zilipwe Julai, stakabadhi ziletwe jumuiya zionekane kwa macho. Wako ndugu walioshauri tutunze magunia ya alizeti hadi bei ipande. Nimewakatalia. Ghala la kanisa lina panya, na bei ikipanda huja panya wa miguu miwili.

Nanyi wafadhili na viongozi wa mifuko ya misaada, mnaosoma gazeti hili au mnaosomewa, nawaomba jambo moja. Msiache kufuta madeni, maana watakuwako daima wenye bima ambao ugonjwa wao unazidi bima. Lakini sehemu ya fedha mtuachie tuitumie kabla ya mgonjwa kufika. Najua deni lililofutwa lina jina na tarakimu, linaandikika vizuri katika ripoti ya mwaka, na dume ambaye hakuuzwa haandikiki popote. Njooni basi mwezi wa Desemba, tuwaonyeshe analima.

Sasa mambo machache ya kushika nyumbani. Mtoto au mtu mzima akiumwa tumbo kwa kuanzia kitovuni, kisha maumivu yakahamia chini upande wa kulia, akakosa hamu ya kula, akatapika, akapata homa, au akashindwa kuruka au kukohoa kwa maumivu, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Msimpe dawa ya kuharisha, msimkande wala kumsugua tumbo, msimlazimishe kula. Maumivu yakipoa ghafla baada ya kuwa makali msishangilie, huenda ndipo kimepasuka. Barua ya zahanati ikisema hospitali, isilale nyumbani hata usiku mmoja. Na kama hamna fedha, semeni siku ya kufika, si siku ya kuruhusiwa. Ombeni kuonana na afisa ustawi wa jamii au sista anayehusika na wasiojiweza. Watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wamewekewa msamaha katika vituo vya Serikali, na hospitali nyingine za misheni zenye mkataba na halmashauri hutoa baadhi ya huduma hizo bila malipo. Ulizeni. Wanaotoroka usiku kwa kuogopa deni huacha kidonda bila dawa, na wengi hurudi wakiwa wabaya zaidi.

Katika jumuiya yangu tumeanza, kwa unyonge. Tulikubaliana kila nyumba itoe debe moja la alizeti au thamani yake. Nyumba nyingine zilitoa debe lililojaa, nyingine debe la pepeto, na mbili hazikutoa kitu wala hatukuzifuata. Tuliandika kaya tatu. Ya nne ilituletea shida. Ni ya mzee mmoja anayeishi na wajukuu wawili, shamba lake dogo lina mawe, na sote tulikuwa na hakika kwamba anastahili. Tulipomwendea alikasirika, akatuuliza nani amesema yeye ni maskini. Tukarudi tumeinamisha vichwa. Jioni yake alikuja kwenye jumuiya na jogoo mwekundu kwapani, akasema anachangia kama wengine, na kama kadi inatokana na mchango basi naye apewe ya kwake. Tukampigia makofi na kumwandika. Mweka hazina bado ananiuliza jogoo aandikwe ukurasa upi, kwa kuwa daftari lina safu ya fedha na safu ya alizeti tu.